Edwina Booth na homa ya Mto Nile

Jua linapozama nyuma ya vilima vya Isingiro, na baridi ya Ziwa Nakivale ikaanza kupanda, vijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale hujikusanya kwenye vibanda vya sinema. Kibanda chenyewe si jengo la kujivunia: kuta za udongo au mabati, mabenchi ya mbao, na televisheni iliyoinuliwa ili aliyeketi nyuma naye apate kuona. Humo hukaa bega kwa bega Mkongo aliyetoka Kivu, Mrundi, Mnyarwanda na Msomali, pamoja na kijana wa Kinyankole aliyefika kwa biashara zake. Wakitaka kubishana ni nani mwema na ni nani mwovu katika filamu, aghalabu hubishana kwa Kiswahili, maana ndicho kinachowafikia wengi wao.

Filamu za msituni zina desturi moja ambayo watazamaji wa namna hii huitambua upesi. Mwanamke mzuri, nywele zimemwagika mabegani, hukimbia miguu mitupu ndani ya mabingobingo marefu kuliko mtu, kisha hutokea upande wa pili ngozi yake ikiwa laini kama alivyoingia. Askari aliyewahi kulala doria usiku mmoja katika manyasi ya aina hiyo hucheka. Mama aliyevuka mpaka kwa miguu, mtoto mgongoni na furushi kichwani, huenda asicheke, kwa kuwa anakumbuka hali ya miguu yake ilivyokuwa alipofika kituo cha kupokelea wageni, na homa iliyomshika mtoto juma la pili.

Alikuwapo mwigizaji mmoja wa Kimarekani ambaye angeweza kukaa na mama huyo wakaelewana. Pori lake halikuwa la kuchora. Aliletwa Uganda hii hii mwaka 1929, akatembezwa karibu uchi katika manyasi ya Mto Nile mbele ya mashine ya kupigia picha, akaumwa na mbu, akaunguzwa na jua, na aliporudi kwao akaikuta sifa yake ikimngoja pamoja na kitanda cha mgonjwa. Jina lake la kazi lilikuwa Edwina Booth.

Alizaliwa tarehe 13 Septemba 1904 katika mji wa Provo, jimbo la Utah, akaitwa Josephine Constance Woodruff. Baba yake alikuwa daktari, na jamaa zake walikuwa waumini wa Kanisa la Wamormoni, watu wenye nidhamu ya nyumbani na wasiopenda anasa. Tangu utotoni binti huyu hakuwa na afya imara. Alisumbuliwa na upungufu wa sukari katika damu, hata masomo yake yakakatika. Provo ni mji ulio chini ya milima ambayo wakati wa baridi hufunikwa na theluji. Malaria haikuwa ugonjwa wa mtaani kwao, wala mwili wake haukuwa umewahi kuuzoea. Ni vema jambo hilo likumbukwe, maana ndilo litakalomwandama.

Baada ya jamaa hao kuhamia California, Constance aliingia katika michezo ya kuigiza, na mwaka 1928 akapata nafasi ndogo katika filamu iliyoitwa Manhattan Cocktail. Mwaka uliofuata alionekana katika Our Modern Maidens, lakini nafasi yenyewe ilikuwa ndogo mno hata jina lake halikuandikwa. Alikuwa mmoja wa mamia ya wasichana wenye nywele za rangi ya dhahabu waliokuwa wakizunguka milango ya studio wakitafuta kazi.

Zama hizo sinema za Marekani zilikuwa mikononi mwa makampuni makubwa machache. Kampuni ilimiliki viwanja vya kupigia picha, mafundi, maghala ya mavazi, na aghalabu hata majumba ya kuonyeshea filamu zake. Mwigizaji aliajiriwa kwa mkataba, akalipwa kwa juma kama karani. Kampuni iliamua acheze nini, avae nini na aitwe nani. Msomaji aliye jeshini au katika polisi atauelewa utaratibu huo bila maelezo marefu: palikuwa na amri, palikuwa na sare, palikuwa na uhamisho. Kilichokosekana ni hospitali ya kambi.

Miongoni mwa makampuni hayo, lililokuwa likitamba zaidi ni Metro-Goldwyn-Mayer, lile la simba anayenguruma mwanzoni mwa picha. Kampuni hilo lilikuwa limenunua haki ya kitabu cha mzee Alfred Aloysius Horn, mchuuzi wa zamani aliyefanya biashara katika Mto Ogowe, Gabon. Habari za mzee huyo zina ladha yake. Alikuwa akipita Johannesburg akiuza vyombo vya waya vya jikoni, akabisha mlango wa mwandishi mmoja, Bibi Ethelreda Lewis, na badala ya kununua tu, bibi huyo akaanza kumsikiliza. Kitabu kilichotokana na mazungumzo yao kilitoka mwaka 1927 na kikapata wasomaji wengi mno.

Filamu ilipewa jina la Trader Horn. Kisa chake ni cha mfanya biashara mzee, kijana mwenzake aitwaye Peru, na mbeba bunduki wao Mwafrika, ambao wanamkuta msichana wa kizungu aitwaye Nina. Nina ni binti wa mmisionari, alipotea akiwa mtoto mchanga, na sasa anatawala kabila zima kama mungu wa kike, mkatili, mwenye kiboko mkononi. Wasichana wengi walijaribiwa kwa nafasi hiyo, na Constance Woodruff, ambaye sasa aliitwa Edwina Booth, ndiye aliyechaguliwa. Mwongozaji wa filamu alikuwa W. S. Van Dyke, mtu mwepesi wa kazi, aliyekwisha kupiga picha katika visiwa vya Bahari ya Kusini. Horn alichezwa na Harry Carey, mwigizaji mashuhuri wa filamu za wapanda farasi, na Peru akachezwa na Duncan Renaldo.

Kampuni liliamua kufanya jambo ambalo halikuwa la kawaida: filamu ipigwe Afrika yenyewe. Lakini mzee Horn alifanya biashara Afrika Magharibi, na kampuni likaja Afrika Mashariki, kwenye wanyama wengi na reli iliyokwisha tengenezwa. Kwa hiyo mtazamaji anayejua Kiswahili akiitazama Trader Horn hushangaa kuyasikia maneno ya lugha yake hapa na pale, ingawa anaambiwa yuko kando ya mto wa Gabon. Hollywood haikuona taabu kwa hilo. Kwao Afrika ilikuwa moja.

Kundi hilo lilishuka Mombasa mwaka 1929, likakaa nchi za huku karibu miezi saba, likipiga picha Kenya, Tanganyika, Kongo na Uganda. Katika Uganda mahali palipowavutia kuliko pote ni maporomoko ya Murchison, ambayo katika miaka ya 1970 yaliitwa Kabalega. Kutoka Mbarara kwenda huko ni safari ya siku nzima kwa gari, kuelekea kaskazini kupita Hoima na Masindi. Wasafiri wa mwaka 1929 waliotoka pwani walizunguka zaidi: garimoshi mpaka Jinja na Namasagali, stima kukata Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, motokaa mpaka Butiaba, kisha stima nyingine juu ya Ziwa Albert kuingia Mto Nile. Hapo mto wote hujibana katika ufa wa mwamba wenye upana wa mita 7 hivi, ukaanguka mita 43 kwa kishindo kinachosikika kutoka mbali. Chini ya maporomoko wamejaa mamba na viboko.

Mahali hapo palikuwa na uzuri mwingi na watu wachache, na uchache huo ulikuwa na sababu. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliua watu wengi sana Uganda, na serikali ya kikoloni ikawahamisha wenyeji kutoka nchi zilizokuwa na mbung'o, pamoja na kandokando ya Mto Nile huko. Wanyama wakaachiwa nafasi. Isingiro nayo iliwahi kuonja balaa ya mdudu huyo, pale mbung'o walipovuka kutoka upande wa Karagwe na kuingia Ankole, wakaangamiza ng'ombe na kuwafanya wafugaji wahame. Mara nyingi ardhi ambayo mgeni huiona tupu ni ardhi iliyokimbiwa, na aliyeikimbia alikuwa na habari ambayo mgeni hana.

Huko ndiko alikopelekwa msichana wa Provo. Wanaume wa filamu hiyo walikuwa na mashati, suruali ndefu, buti na kofia pana. Nina, kwa kuwa ni mungu wa porini, alivalishwa ngozi kidogo kiunoni na nywele ndefu kifuani, basi. Mikono, miguu, mgongo na tumbo vyote viliachwa wazi kwa sababu kamera ilivitaka hivyo. Baadaye yeye mwenyewe alidai kwamba alilazimishwa pia kulala juu ya sitaha kwa saa nyingi bila mavazi, ili jua limbadilishe rangi, aonekane kama mtu aliyekulia porini. Akapata maradhi ya jua. Aliyekimbizwa ndani ya mabingobingo hakuwa na ngozi ya sinema, majani yalimkata. Alianguka kutoka juu ya mti. Na mbu wakafanya kazi yao.

Mbu wa malaria huuma hasa usiku, na jike peke yake ndiye aumaye, kwa kuwa anahitaji damu ili mayai yake yakomae. Mtu aliyezaliwa katika nchi yenye malaria na akasalimika utotoni hupata kinga kiasi, si ya kumzuia kuugua, bali ya kumwepusha na homa kali. Mtu aliyekulia nchi ya baridi hana hata hiyo. Askari waliozaliwa katika milima ya Kigezi wakapelekwa kulinda mabonde ya joto wanalijua jambo hili kwa kulipitia, na wakimbizi wanaoshuka kutoka nyanda za juu za Kivu kuja Nakivale wanalijua vilevile. Hata mwenyeji akikaa miaka kadhaa katika nchi isiyo na malaria, kinga yake hupungua, na akirudi nyumbani anapaswa kulala ndani ya chandarua kama mgeni. Edwina alikuwa mgeni kamili, mwenye mwili uliokuwa dhaifu tangu utotoni, na usiku pwani ya mto wenye joto haukumhurumia.

Dawa iliyokuwapo mwaka 1929 ilikuwa kwinini, chungu, inayofanya masikio yavume, na ambayo ilipaswa kunywewa siku nyingi. Dawa za malaria zilizotengenezwa kwa kemia zilikuja kuenea baadaye, na kwa klorokwini dunia ilisubiri mpaka baada ya Vita vya Pili.

Kuhusu kwinini, mji wa Mbarara una la kusema, tena la kujivunia, ingawa hauna majumba ya kutengeneza sinema. Watafiti wa hospitali ya Mbarara na wa kituo cha utafiti cha Epicentre waliwagawa wagonjwa wa malaria ya kawaida mafungu mawili. Fungu moja lilinywa vidonge vya atemetha na lumefantrini mbele ya muuguzi. La pili likapewa vidonge liende kunywa nyumbani. Matokeo yalitangazwa mwaka 2005: katika mafungu yote mawili kiasi cha wagonjwa 98 katika kila 100 walipona. Mama wa nyumbani aliaminiwa na dozi yake, na hakukosea. Ni dozi sita kwa siku tatu, zinywewe zote hata kama homa imeshuka siku ya pili, na ni bora zinywewe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa, ambayo Ankole hayakosekani.

Kisha likaja jaribio kubwa zaidi, lililowahusu watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi tisa za Afrika, na Mbarara ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Lilitoa majibu mwaka 2010. Kati ya waliotibiwa kwa kwinini walifariki karibu 11 katika kila 100. Kati ya waliochomwa sindano ya atesuneti walifariki 8 na nusu. Tangu hapo kwinini ikaondolewa kwenye nafasi ya kwanza katika malaria kali. Watoto hao wa Mbarara na wenzao hawakuandikwa majina yao popote panapong'aa, lakini sindano anayochomwa leo mtoto aliyezidiwa ina sehemu yao ndani yake. Na mwaka 2025 Uganda ilianza kuwapa watoto wachanga chanjo ya malaria. Kwa Edwina Booth hayo yote yalikuwa bado mbali mno.

Turudi kwake. Akiwa bado Afrika, mgonjwa, kazi iliendelea. Filamu ilikuwa imeanza kama picha isiyo na sauti, lakini wakati huo huo watu wa Marekani walikuwa wamekwisha kuonja filamu zinazosema, na hawakutaka tena za kimya. Kampuni likasafirisha mitambo ya sauti mpaka Afrika. Mandhari zikaongezwa, siku zikaongezeka, gharama ikapita dola milioni moja, fedha nyingi kupindukia kwa wakati ule. Masimulizi ya safari hiyo yanataja pia Waafrika wawili waliopoteza maisha, mmoja aliyetumbukia mtoni akachukuliwa na mamba, mwingine aliyeuawa na kifaru. Vifo hivyo vilisimuliwa Marekani kama viungo vya kuitangaza filamu. Majina ya marehemu, vijiji vyao, na kama wajane wao walipelekewa chochote, masimulizi hayo hayakuona haja ya kuyataja.

Kundi liliporudi California, wakubwa wa studio walizitazama picha na hawakuridhika. Sehemu nyingi zilirudiwa. Kwa ajili hiyo aliletwa Hollywood Mwafrika aliyecheza mbeba bunduki wa Horn, aliyetangazwa kwa jina la Mutia Omoolu, pamoja na mwenzake mmoja. Wengi walioiandika filamu hiyo wanakubali kwamba Mutia anaigiza kwa utulivu na heshima kuliko karibu wote waliomo. Magazeti ya huko yalimgeuza kichekesho, yakiandika jinsi Mwafrika anavyoshangaa magari na majumba marefu. Mtu aliyetoka katika nchi yenye reli na motokaa! Lakini habari kama hizo ndizo zilizouza tiketi. Mandhari nyingine za wanyama wakipigana, yasemekana, zilipigwa Mexico, ambako sheria za kuwalinda wanyama hazikuwa kali kama Marekani.

Trader Horn ilitoka mwaka 1931. Watu walijaa, kampuni likapata faida, na filamu ikashindania tuzo kubwa ya filamu bora ya mwaka, ingawa haikuipata. Picha ya Edwina Booth, nywele zimemfunika, ilibandikwa kila mji. Kwa desturi za studio, msichana aliyefanikiwa namna hiyo angepewa filamu nyingine kubwa mara moja. Yeye hakupewa. Alipata kazi katika kampuni dogo la Mascot, lililotengeneza filamu za mfululizo, zile zinazokatika kila juma shujaa akiwa ananing'inia gengeni. Alicheza tena na Harry Carey katika The Vanishing Legion mwaka 1931, na katika The Last of the Mohicans mwaka 1932. Zilikuwa picha za haraka, za gharama ndogo, za kukimbizana na kupanda farasi, na aliyezicheza alikuwa mtu aliyestahili kuwa kitandani. Mwaka 1932 alionekana katika filamu nyingine chache. Baada ya hapo hakuna. Tangu jina lake lilipoanza kujulikana mpaka lilipotoweka, ni kama miaka miwili hivi.

Lililo la ajabu ni jinsi kampuni la simba lilivyotumia mabaki. Picha nyingi zilizopigwa Afrika zilikuwa zimebaki katika makopo. Mwaka 1932 Van Dyke yule yule aliziingiza katika filamu mpya, Tarzan the Ape Man. Safari hii hakuna mwigizaji aliyepelekwa popote. Johnny Weissmuller na Maureen O'Sullivan waliruka kwenye miti ya California, na kila ilipotakiwa Afrika ya kweli kampuni lilifungua makopo ya mwaka 1929. Kwa hiyo wanyama na mandhari za huku ambazo watoto wa dunia nzima walizifahamu kwa jina la nchi ya Tarzan zilitokana na safari ile ile iliyomwangusha Edwina. Bi O'Sullivan alicheza kwa miaka mingi, akafika uzeeni akiheshimiwa. Hakuhitaji kwinini.

Edwina Booth alifanya jambo ambalo wasichana wengi wa studio hawakuthubutu: alilishtaki kampuni. Alidai zaidi ya dola milioni moja, kwa hoja mbili zilizo wazi. Ya kwanza, hakupewa kinga ya kutosha dhidi ya nchi aliyopelekwa. Ya pili, mavazi aliyoamriwa kuyavaa ndiyo yaliyomfungulia mlango mbu na jua. Hoja hizo mtu anaweza kuzipima hata leo kwa akili ya kawaida. Hakwenda porini kwa matembezi. Alipelekwa na mwajiri, akavalishwa na mwajiri, akakaa muda aliotaka mwajiri. Askari akirudi kutoka Somalia, ambako Uganda ilianza kupeleka majeshi mwaka 2007, akiwa na jeraha au na ugonjwa alioupata zamuni, hakuna anayemwuliza kwa nini alikwenda huko. Kampuni liliuliza jambo la namna hiyo kwa muda mrefu, kisha likakubali kumaliza shauri nje ya mahakama. Masharti hayakutangazwa.

Magazeti yaliyapenda mashtaka hayo kwa sababu nyingine. Mwigizaji mwenzake, Duncan Renaldo, alikuwa na mke, na mke huyo alimshtaki Edwina kwa kumharibia ndoa. Mambo ya ndani ya nyumba za watu yana uvumi wake, na hapana faida kuuchimbua uvumi wa miaka karibu mia. Ila msukosuko huo uliibua jambo jingine linalowagusa watu wa Nakivale kwa karibu. Renaldo hakuwa na uhakika alizaliwa nchi gani. Alikuwa mtoto aliyekua bila wazazi wala vyeti. Alipotaka pasipoti ya kwenda Afrika kupiga filamu, alieleza kwamba amezaliwa Marekani. Serikali ilipolichunguza jambo hilo alihukumiwa, akafungwa gerezani, mpaka Rais Franklin Roosevelt alipomsamehe mwaka 1936. Baadaye alipata umaarufu mkubwa katika televisheni miaka ya 1950, akicheza mpanda farasi Cisco Kid. Kila aliyewahi kusimama kwenye mstari wa ofisi akiulizwa karatasi ambayo iliungua pamoja na nyumba yake anaweza kuelewa kwa nini Renaldo alidanganya, hata kama hakubali kwamba alifanya vema. Mwanamume huyo alipata kazi yake tena. Mwanamke hakupata.

Ilimchukua Edwina kiasi cha miaka sita kupona. Sehemu kubwa ya muda huo aliipitisha kitandani, mara nyingi katika chumba chenye giza kwa kuwa mwanga ulimwumiza. Aliyemwuguza si studio, ni wazazi wake. Baba daktari alimtibu binti yake kwa ugonjwa ambao madaktari wa Utah na California hawakuwa na mazoea nao. Katika miaka hiyo ya kimya watu walianza kusema kwamba amekufa. Uvumi ukaingia magazetini, kutoka magazetini ukaingia vitabuni, na kwa miaka mingi vitabu vya historia ya sinema viliendelea kuandika kwamba mwigizaji wa Trader Horn alikufa kijana kwa homa ya Afrika. Kampuni halikuwa na sababu ya kusahihisha.

Mwaka 1951, miaka 22 baada ya Edwina kupita hapo, stima na mizigo ya sinema ilirudi Butiaba na kwenye Mto Nile chini ya Murchison. Safari hii filamu ilikuwa The African Queen, na mwanamke aliyekuja alikuwa Katharine Hepburn. Naye aliugua vibaya tumbo, pamoja na watu wengi wa kundi lake. Yasimuliwa kwamba mwongozaji John Huston na mwigizaji Humphrey Bogart walisalimika kwa kuwa walikunywa wiski, ilhali Bibi Hepburn alishikilia maji. Lakini ni heri kuchemsha maji kuliko kufuata dawa ya mabwana wale. Tofauti ni kwamba Hepburn alikuja akiwa na umri wa miaka 44, jina lake likiwa limekwisha kusimama, na hadithi ilimvalisha gauni refu la dada wa mmisionari lililofika mpaka vifundoni na shingoni. Alipona, akarudi, akaendelea na kazi, na mwaka 1987 akaandika kitabu kizima cha kuchekesha juu ya safari hiyo. Ugonjwa wa Hepburn ukawa kisa cha kusimulia mezani kwa sababu alikuwa na nguvu ya kuusimulia.

Edwina hakuandika kitabu. Alipopata nafuu aliolewa, akabaki mjane, akaolewa tena, akaishi California kwa utulivu, akitumia muda wake mwingi katika kazi za hekalu la kanisa lake mjini Los Angeles. Wenzake hekaluni walimjua kama bibi mpole wa makamo, kisha mzee. Barua za watazamaji hazikukoma. Ziliendelea kumfikia kutoka pande mbalimbali za dunia, zikimtafuta Nina wa porini, yule mwenye kiboko ambaye simba humwogopa na majani hayamkati. Juu ya sinema hakupenda kuzungumza.

Alifariki tarehe 18 Mei 1991 katika mji wa Long Beach, akiwa na umri wa miaka 86.